Kuorodhesha Majina ya Vijito na Vilima: Madaftari ya Parokia za Ayalandi na Utafiti wa Majina ya Mahali Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa majina ya mahali katika Afrika Mashariki umeelekea zaidi kwenye majina makubwa: miji, mikoa, milima mirefu na mito inayofika baharini. Majina ya vijito vinavyokauka kiangazi, vilima visivyo na theluji, chemchemi, vivuko na mabonde yamebaki vinywani mwa wenyeji. Sababu mojawapo ni wingi wake. Nyingine ni kwamba majina hayo hayana faida ya haraka kwa mtawala wala kwa mfanyabiashara. Kwa mwanaisimu hali ni kinyume chake. Jina la mji huweza kubadilishwa kwa amri ya siku moja, lakini jina la kijito aghalabu hudumu kwa karne nyingi, na huweza kuhifadhi sauti, viambishi na maneno ambayo lugha ya kila siku imekwisha kuyaacha. Nchini Uingereza mito kadhaa huitwa Avon. Asili ya jina hilo ni neno la Kikelti lenye maana ya ‘mto’. Wasemaji wa neno hilo katika sehemu hizo walihamia lugha nyingine zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na neno lao likabaki majini.

Makala haya yanaeleza jinsi majina ya mahali yalivyoorodheshwa nchini Ayalandi, parokia kwa parokia, katika karne ya 19, na yanachunguza kazi hiyo inamfundisha nini mtafiti wa lugha za Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba orodha ya majina huwa na thamani ya kiisimu pale tu inapohifadhi matamshi ya msemaji kabla ya kuchagua tahajia. Hoja ya pili, ambayo pengine haitapendwa na wote katika idara za Kiswahili, ni kwamba katika vijiji vingi vya Tanzania, na katika baadhi ya sehemu za Kenya, lugha inayosawazisha majina hayo leo si Kiingereza bali ni Kiswahili chenyewe.

2.0 Madaftari ya Parokia

Mwaka 1824 idara ya kijeshi ya Uingereza ya upimaji ardhi, Ordnance Survey, ilianza kuipima Ayalandi yote chini ya uongozi wa Thomas Colby. Ramani zilichorwa kwa kipimo cha inchi sita kwa maili moja, nazo zilichapishwa kati ya 1833 na 1846. Lengo halikuwa isimu. Serikali ilihitaji kukadiria thamani ya ardhi ili kodi igawanywe kwa haki, na kwa ajili hiyo ilibidi ijulikane kila kipande cha ardhi kinaitwaje na kinaishia wapi. Kizio cha chini kabisa kilikuwa eneo dogo lenye mpaka na jina, ambalo hapa litaitwa kitongoji. Vitongoji hivyo vilizidi 60,000. Vilikusanywa katika parokia za kiserikali, ambazo mipaka yake haikulingana daima na ile ya parokia za Kanisa Katoliki, na kila parokia ilifunguliwa madaftari yake ya majina.

Umbo la daftari linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo ubora na upungufu wa kazi yote ulipo. Kila jina liliandikwa pamoja na tahajia mbalimbali zilizokwisha kupatikana. Kila tahajia ikaandikiwa chanzo chake: ramani ya zamani, hati ya ardhi, padri, mkusanya kodi, mwenye shamba kubwa. Kisha yakafuata maelezo mafupi ya mahali penyewe. Maofisa waliojaza kurasa hizo kwa mara ya kwanza walikuwa askari, na wengi wao hawakujua Kiayalandi, lugha ya Kikelti ambayo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya majina hayo. Waliandika walichokisikia kwa sikio la Kiingereza, au walichokuta kimekwisha kuandikwa na waliowatangulia.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1830, John O'Donovan alipoajiriwa. Huyu alikuwa mzaliwa wa Kilkenny, msomi wa hati za kale aliyeijua lugha. Alianza kwa kulinganisha majina na maandishi ya kale ofisini, lakini ilidhihirika kwamba ofisi haitoshi. Kuanzia 1834 alitembea wilaya baada ya wilaya, akawatafuta wazee waliosema Kiayalandi, akawasikiliza wakitamka jina la mahali pao, ndipo akaandika katika daftari umbo la Kiayalandi na tahajia ya Kiingereza aliyoipendekeza. Kanuni aliyoifuata ilikuwa ya busara: miongoni mwa tahajia zilizokuwa zikitumika, ichaguliwe ile iliyo karibu zaidi na umbo la asili. Barua alizoandika akiwa safarini zimehifadhiwa, na hadi leo ni hazina kwa wanahistoria na wanaisimu.

Ramani ilichapishwa kwa tahajia ya Kiingereza peke yake. Umbo la Kiayalandi lilibaki katika daftari, na daftari likabaki katika ghala. Ni kawaida kwa wachambuzi kuilaumu ramani kana kwamba yote yalipotea, na tamthilia ya Brian Friel, Translations, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980, imeieneza picha hiyo kwa nguvu. Lakini ikiwa leo yapo maelfu ya majina ambayo asili yake inajulikana kwa yakini, ni kwa sababu ya daftari lile lile la mpimaji.

Kilichokosekana kabisa ni kingine. Kwa kuwa kodi ilidai kitongoji, kitongoji kiliandikwa. Mlima mkubwa na mto mkubwa viliingia kwenye ramani, lakini majina mengi ya vijito vidogo, vilima, mashamba na miamba hayakuulizwa, maana hayakulipiwa kitu. Idara ndogo iliyoshughulikia historia na majina ilifungwa mwaka 1842. Miaka mitatu baadaye ilianza njaa kuu iliyoua takriban watu milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuhama. Sensa ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza habari za lugha, ilikuta wasemaji wa Kiayalandi kama milioni 1.5, yaani chini kidogo ya robo ya watu wote. Waliokufa na waliohama walikuwa zaidi maskini wa vijijini, yaani wale wale waliochota maji katika vijito ambavyo havikuandikwa.

Jitihada za kuziba pengo hilo zimeendelea. Tume ya Majina ya Mahali iliundwa mwaka 1946. Tim Robinson, Mwingereza aliyehamia visiwa vya Aran mwaka 1972, alitembea kwa miguu akiuliza majina ya majabali na ghuba, akachapisha ramani yake ya kwanza ya visiwa hivyo mwaka 1975. Mwaka 2008 hazina ya kumbukumbu ya kitaifa ya majina ilifunguliwa kwa umma kwenye intaneti. Kazi hizi ni za kusifiwa. Hata hivyo, katika wilaya ambazo Kiayalandi kilikuwa kimekwisha kutoweka, mtafiti huletewa jina ambalo limepita katika ulimi wa Kiingereza kwa vizazi kadhaa, na mara nyingi hakuna njia ya kurudi nyuma.

3.0 Tahajia Inavyofuta Tofauti

Mfano ulio wazi kuliko yote ni majina ya Ayalandi yanayoanza na Kil-. Kiayalandi kina maneno mawili tofauti: cill, ‘kanisa’, na coill, ‘msitu’. Tofauti hiyo husikika kinywani mwa msemaji. Katika tahajia ya Kiingereza maneno yote mawili yamekuwa Kil-. Kildare ni Cill Dara, ‘kanisa la mwaloni’, na hapo hati za kale zipo za kuthibitisha. Lakini Kilmore inaweza kuwa ‘kanisa kubwa’ mahali pamoja na ‘msitu mkubwa’ mahali pengine. Pasipo na hati wala msemaji aliyesikilizwa kwa wakati, mwanahistoria hawezi kujua kama palikuwa na watawa au miti.

Mlima Slievenamon ulioko Tipperary unaonyesha jambo la namna nyingine. Umbo la asili ni Sliabh na mBan, ‘mlima wa wanawake’. Katika Kiayalandi konsonanti ya mwanzo ya neno hubadilika kwa sababu za kisarufi. Hapa b ya neno ‘wanawake’ hufunikwa na m, na kinachosikika ni m tu. Mpimaji aliandika alichosikia, na hakukosea. Aliyekosekana pembeni yake ni mjuzi wa sarufi wa kumwambia kwamba chini ya m ile kuna b. Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili bila shida: anayesikia ndimi na kuandika neno jipya, bila kujua kwamba umoja wake ni ulimi, atakuwa amesikia vizuri na kuelewa vibaya.

Afrika Mashariki ina mifano yake, na mmoja unahusu jina la nchi nzima. Kigikuyu kina irabu saba. Miongoni mwake imo irabu ya mbele iliyo kati ya i na e za Kiswahili, ambayo tahajia ya Kigikuyu huiandika ĩ. Sikio lililozoea irabu tano haliwezi kuisikia kama ilivyo. Litaiweka ama kwenye i ama kwenye e. Nyĩrĩ ikaandikwa Nyeri. Kĩrĩnyaga ikaandikwa Kirinyaga. Irabu ni ile ile, lakini rasmi imekuwa e katika jina moja na i katika lingine. Zaidi ya hayo, Ludwig Krapf alipouona mlima huo mwaka 1849 alikuwa Ukambani, na jina alilolipata ni la Kikamba, Kĩĩnyaa, ambamo konsonanti zinazosikika katika umbo la Kigikuyu hazimo. Irabu ya kwanza ikaandikwa e, na jina likawa Kenya. Hivyo Kenya na Kirinyaga yanaelezwa kuwa jina moja lililopita katika vinywa viwili na kuandikwa kwa namna mbili. Jambo hili linaweza kuelezwa leo kwa sababu Kigikuyu na Kikamba bado vinasemwa. Laiti vingekuwa vimekufa, yangehesabiwa kuwa majina mawili yasiyohusiana, na pengine kila moja lingetungiwa ngano yake.

Katika majina ya Kimaasai tatizo limekaa zaidi kwenye mipaka ya maneno na viambishi vya jinsi. Neno la ‘mlima’ limeandikwa Ol Doinyo, Oldonyo na Ol Donyo katika ramani mbalimbali, kwa hiyo anayetafuta kwa mpangilio wa alfabeti atadhani ni majina ya makundi tofauti. Ewaso Ng'iro huitwa ‘Mto Ewaso Ng'iro’, ingawa neno la kwanza la Kimaasai tayari lina maana ya mto. Na iko mito miwili yenye jina hilo, mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa Kenya. Nairobi ni sehemu ya pili ya enkare nairobi, ‘maji baridi’, jina la kijito lililopanda na kuukalia mji, kama ilivyokuwa kwa Glasnevin huko Dublin, ambayo ni Glas Naíon, ‘kijito cha watoto wachanga’. Vilima vya Ngong navyo huelezwa kuwa vimepata jina kutokana na enkong'u emuny, ‘chemchemi ya kifaru’. Kumbe jina la kilima laweza kuwa ni jina la maji, na mtafiti anayetenganisha mapema orodha ya vilima na orodha ya vijito atakuwa ameukata uhusiano huo kabla hajauona.

4.0 Kiswahili kama Lugha ya Kuulizia

Tabia ya majina ya vijito kuhamia mitaani ipo pia katika Kiswahili: Mto wa Mbu huko Arusha, Kijitonyama jijini Dar es Salaam, Kijitoupele huko Unguja. Majina haya ni mali ya lugha hii na hayana utata. Utata huanza Kiswahili kinapotumika kuulizia majina ya lugha nyingine.

Chukua swali la kawaida la hojaji: ‘Kilima hiki kinaitwaje?’ Swali hilo limekwisha kuamua kwamba kinachoonekana ni kilima. Kiayalandi hutofautisha, katika majina ya mahali, cnoc na sliabh, droim ambayo ni ‘mgongo’, mullach ambayo ni kilele, cruach ambayo ni lundo, na mengineyo. Kiingereza kiliyasukuma mengi kwenye neno moja. Mtafiti anayeuliza kwa Kiswahili hufanya vivyo hivyo bila kukusudia. Msailiwa, kwa adabu yake, hujibu kwa lugha aliyoulizwa: huacha neno la lugha yake linaloeleza umbo la mwinuko, hutaja sehemu iliyobaki, na mara nyingine huongeza -ni ya mahali, kiambishi ambacho lugha nyingi za Kibantu za bara hazikitumii, kwa kuwa zenyewe hutumia viambishi awali vya ngeli za mahali. Daftari likifika chuoni, linakuwa na majina yaliyosanifishwa mdomoni mwa mwenyeji mwenyewe.

Upande wa sauti, Kiswahili sanifu kina irabu tano na hakina toni. Kisukuma, kama Kigikuyu, kina irabu saba, na toni hubeba maana. Mwanafunzi mwenye bidii anayeandika jina la kijito cha Usukuma kwa herufi za Kiswahili peke yake anafanya alichofanya askari wa Colby mwaka 1830, tena bila O'Donovan wa kumfuata nyuma.

Haifai kuelewa kwamba Kiswahili kinashitakiwa. Kwa kuwa lugha hii imeunganisha taifa la Tanzania lenye lugha zaidi ya 120, ni lazima iwe na athari juu ya lugha inazokaa nazo. Kutokuwa nayo kungekuwa muujiza. Lakini wataalamu wa Kiswahili wamezoea kukiona Kiswahili upande wa wanaoonewa, na mazoea hayo huwazuia kukiona kinapokaa kwenye kiti cha mwandishi wa ramani.

5.0 Kumbukumbu ya Jina Moja

Jambo linalotakiwa uwandani si orodha ndefu. Afadhali majina 40 ya kata moja yaliyoandikwa vizuri kuliko 400 yaliyokusanywa kwa haraka na kuachwa bila wenyewe. Kwa kila jina ihifadhiwe sauti yenyewe, ikitamkwa na zaidi ya mtu mmoja, kwanza peke yake na kisha ndani ya sentensi ya lugha ya mahali, kwa sababu ni ndani ya sentensi ndipo ngeli, kiambishi cha mahali na toni hujidhihirisha: mtu hasemi jina tu, husema amekwenda huko, ametoka huko, amevuka hapo. Swali liulizwe kwa lugha hiyo hiyo, na lianze na kazi: wapi hunyweshwa ng'ombe, wapi huchotwa maji, njia ya gulioni hupita wapi. Majina yatatoka yenyewe.

Iandikwe pia nani amesema, ana umri gani, alizaliwa wapi, na alikuwa amesimama wapi. Hili la mwisho hudharauliwa. Wachaga hawakuwa na jina moja lililoenea kwa mlima wote. Walizitaja Kibo na Mawenzi. Jina Kilimanjaro, ambalo Johannes Rebmann alilipeleka Ulaya baada ya kuuona mlima mwaka 1848, ni jina alilolipata kwa watu waliouangalia kwa mbali, wa misafara ya pwani. Asili ya sehemu yake ya pili imebishaniwa tangu hapo, na hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Vivyo hivyo, kijito kimoja huweza kuwa na jina moja karibu na chemchemi na lingine kwenye kivuko cha chini. Mtafiti asiharakishe kuamua lipi ni sahihi. Mto mkubwa wa kusini mwa Ayalandi huitwa Blackwater, ‘maji meusi’, kwa Kiingereza, lakini kwa Kiayalandi ni An Abhainn Mhór, ‘mto mkubwa’. Wala si tafsiri moja ya mwingine, na kulifuta mojawapo ni kufuta namna moja ya kuutazama mto.

Hadithi inayoeleza jina iandikwe, lakini katika safu yake. Watu hupenda jina liwe na kisa, na pasipo na kisa hukitunga. Kisa ni fasihi simulizi halali, si ushahidi wa etimolojia. Mwenyeji akikataa kulitaja jina la mahali pa matambiko, au akilitaja na kuomba lisiandikwe, ombi hilo litangulie mbele ya ukamilifu wa orodha.

Kuna mahali ambapo jina ni hati ya haki. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro maji huongozwa kutoka mtoni hadi vihambani kwa mifongo, na mifongo mingi hujulikana kwa jina la mtu au la ukoo ulioichimba. Kulitaja jina ni kutaja ni nani mwenye usemi juu ya zamu za maji. Ofisi inapoubadili mfongo kuwa namba katika mchoro wa mradi, ugomvi wa zamu hupoteza shahidi wake wa kwanza. Mwanaisimu hana mamlaka ya kuamua ugomvi, lakini daftari lenye jina, tarehe na sauti ya msemaji linaweza kutumika na wenye mamlaka hayo.

Katika kupanga ni wapi pa kuanzia, historia ya Tanzania inatoa mwongozo usio wa kiisimu. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Vijiji vipya vilipewa majina, mengine ya Kiswahili kitupu, na majina hayo yamo katika kumbukumbu za serikali. Vilima na vijito vilivyoachwa nyuma vilibaki na majina yake, lakini bila watu wa kuyatamka kila siku. Mtu aliyekuwa na miaka 20 alipohamishwa mwaka 1974 sasa amepita miaka 70. Yeye bado hukumbuka alichota maji wapi. Mjukuu wake hukijua kisima cha kijiji. Kwa hiyo katika kata zilizohamishwa usaili uanze na watu wa rika hilo, na kila inapowezekana usifanyiwe barazani bali njiani, kuelekea kwenye mahame, mzee akiwa mbele na chombo cha kurekodia kikiwa wazi.